Tulipochimba Kisima Mpaka Kwenye Chumvi

Mimi sina subira. Nalisema mapema nisije nikaambiwa nimelificha. Chungu kikichelewa kuchemka nakifunua mara kumi, na mtu akinisimulia jambo polepole humalizia mwenyewe. Kwa tabia hiyo hiyo nusura nikihamishe kijiji kizima, na mume wangu akatwishwa lawama isiyo yake.

Tulikaa kaskazini ya Bagamoyo, njia ya kwendea Saadani, katika kijiji kilichopakana na majaruba ya chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye jaruba, jua linayakausha, chumvi inabaki, tunaikwangua. Wanawake tulikwangua na kubeba. Mume wangu alikuwa mtu wa milango. Milango yenyewe ni mbao zilizopachikwa moja juu ya nyingine; ukitaka maji yatoke unachomoa ubao. Kipimo chake kilikuwa ulimi. Anachovya kidole, anaonja, anatazama mbali kidogo, kisha anatoa hukumu: "Yanafaa," au "Hayafai." Maji yakiwa bado mepesi, hayafai chumvini, yangoje jua. Basi, hakuna rufaa.

Chumvi ikishaganda hubaki maji machungu, mazito, yanayoteleza vidoleni kama mafuta. Hayo yana mtaro wake wa kuyapeleka kwenye hori, ule mkono wa bahari ulioingia kati ya mikoko. Mume wangu hakuyafungulia ovyo. Alingoja bamvu, maji yanapojaa sana na kupwa kwa nguvu, ili bahari iyachukue moja kwa moja. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, msimamizi wa majaruba angepiga kelele mpaka koo limkauke, yeye mlango hafungui, kwa sababu kwenye hori hilo ndipo sisi wanawake tulipotanda uduvi kwa kanga zetu kuukuu. "Nikiyamwaga leo," alimwambia, "kesho nitakula nini nyumbani, maneno?"

Kisima cha kijiji kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, kwenye mchanga wa juu. Kilikuwa kifupi, unashuka vidato viwili tu, unachota kwa kata, kile kifuu cha nazi chenye mpini. Mavyaa, mama yake mume wangu, alikuwa na amri moja juu yake: kisima cha kata hakitiwi ndoo.

"Kwa nini, mama?"

"Wenyewe hawapendi."

"Wenyewe akina nani?"

"Wewe chota maji uende zako."

Nilicheka moyoni. Usoni sikuthubutu.

Kisha ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa, na watu waliokuwa wametawanyika mashambani wakaletwa kwetu. Karibu sana, lakini kisima ni kile kile. Foleni ikaanza alfajiri, na kata inachota tone kwa tone. Siku ya mkutano wa kijiji nikasimama. Hakuna aliyenituma. Nikasema wanaume wetu wanachimba mitaro ya chumvi kutwa, watashindwaje kukichimba kisima? Kiende chini, tununue ndoo na kamba, tuondokane na mambo ya vifuu. Wanawake wakanipigia vigelegele. Mavyaa akafunga ushungi wake akaondoka.

Wakachimba. Walishuka kimo cha watu wawili, na maji yakabubujika wanaume wakitoka mbio matope mapajani. Wiki ya kwanza nilitembea kijijini kifua mbele. Ndoo inashuka, ndoo inapanda, kila mtu ananishukuru. Nilimpelekea mavyaa ndoo nzima mlangoni. Akaniambia, "Ahsante, mwanangu," akaiacha pale pale.

Ilianza na sabuni. Haikutoa povu. Kisha maharage yakakataa kuiva, ukiyachochea moto toka asubuhi hadi adhuhuri yanakutazama tu. Kisha chai. Nilimwekea mume wangu kikombe, akanywa funda moja, akakiweka chini. Akachovya kidole. Akatazama mbali.

"Haya," alisema taratibu, "yanafaa chumvini."

Lahaula!

Kijiji hakikutafuta mbali. Nani anashika maji machungu? Nani anafungua mtaro? Mtaro ulipita hatua chache tu kutoka kisimani, kwa hiyo kila mtu akaona jambo liko wazi: maji machungu yamevuja, na mtu wa milango amezembea. Kwenye foleni wanawake walinyamaza nikifika. Jirani yangu mmoja, ambaye tulikopeshana naye chumvi na moto miaka yote, aliniambia hivi hivi, "Mwambie mumeo ametulisha sumu." Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Lakini nyumbani nililia.

Mume wangu hakubishana. Alikwenda kwa msimamizi akaomba mtaro uhamishwe, na kwa siku kadhaa yeye na wenzake wakachimba mwingine upande wa pili wa majaruba, mbali kabisa na kisima, wakaufukia ule wa zamani. Tukangoja. Maji yakazidi kuwa ya chumvi. Wakati huo tulikuwa tukiteka maji bara, kwenye bwawa la kunywea ng'ombe, mwendo wa kwenda na kurudi unaokula nusu ya siku.

Ndipo akaja bwana kutoka wilayani. Hakuwa mtu mbaya, alisema kwa adabu: kijiji kisicho na maji hakiwezi kuitwa kijiji. Tukifika mwisho wa masika hatujapata maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tutahamishiwa bara, kando ya barabara. Watu wakauliza kuhusu chumvi, hori, minazi, makaburi. Akasema serikali italifikiria. Mavyaa akasema kwa sauti, watu wote wakasikia, "Mimi nitahamishwa nikiwa juu ya jeneza." Wengine wakamgeukia mume wangu. Hakuna aliyenigeukia mimi. Ule mkutano wa ndoo walikuwa wamekwisha kuusahau, na mimi mwenyewe pia.

Mvua ya kwanza ilitukuta chumvini. Mvua ni adui wa jaruba. Sote tulikimbia, maana ukichelewa kazi ya wiki nyingi inayeyuka. Lakini mtu wa milango hapotezi jaruba zima. Anachomoa ubao wa juu peke yake. Maji ya mvua ni mepesi, yanakaa juu, yanatoka taratibu. Maji mazito ya chumvi yanabaki chini yametulia. Nilishaiona kazi hiyo mara nyingi nisiitie maanani. Siku ile nilikuwa nimesimama kwenye mlango, nimelowa chapachapa, nina kiu, nikakinga kiganja maji yaliyokuwa yakimwagika, nikanywa.

Yalikuwa baridi! Karibu matamu. Nikaingiza mkono chini zaidi, nikaonja: chumvi tupu.

Nikasimama pale kama niliyepigwa kofi. Maji baridi juu, chumvi chini. Na kisima chetu cha kata, kile kifupi, kilikuwa kinakomba yale ya juu tu. Sisi, watu wa chumvi, tunaoijua siri hii jarubani kila masika, tulikwenda wenyewe na majembe tukaitafuta chumvi chini ya mchanga. Na aliyewatuma ni mimi.

"Baba watoto!" nilipiga kelele. "Si mtaro! Si mtaro, wallahi, ni mimi!"

Alidhani nimepagawa. Nilipomweleza akatazama ubao, akatazama upande wa kisima, kisha akasema, "Na mimi niliposhika jembe akili zangu zilikuwa wapi?" Angeweza kunikasirikia. Nilimwomba anikasirikie. Akakataa.

Kazi ngumu ilikuwa mkutanoni. Wewe niite mwoga, lakini kusimama mbele ya watu wale wale walionipigia vigelegele, mavyaa amekaa mbele kabisa, si mchezo. Nikasema yote. Nikasema mume wangu hana kosa, mdomo wangu ndio uliotuponza. Kisha yule jirani wa sumu akasema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe," na watu wakacheka, na nikacheka nao huku machozi yananitoka. Mavyaa hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Basi ndoo mtazifanyia nini?"

Tulilifukia shimo lote lililoongezwa, kwa mchanga safi wa juu, mpaka kisima kikarudi kilipokuwa. Na kwa sababu watu walikuwa wengi, tulichimba vingine viwili vifupi, mbalimbali, kimoja kisikaushe kingine, na kila kimoja kikapewa kata yake. Masika yakanyesha. Kila asubuhi nilikwenda kuonja, na kila asubuhi nilirudi kimya. Bado kidogo. Bado kidogo. Mimi nisiye na subira nilijifunza subira pale, kwa lazima.

Asubuhi moja sabuni ikatoa povu. Sikumwambia mtu. Nilijaza kata nikaenda nayo nyumbani kwa miguu ya kunyata nisimwage, na wanawake wa foleni wakanifuata wenyewe, maana walishaniona uso. Mume wangu alikuwa barazani. Mavyaa pembeni yake, na tasbihi.

"Shikamoo, mama," nilisema. Akaitikia marahaba bila kuniondolea macho. Nikampa mume wangu kata.

Hakunywa. Alichovya kidole, kama kawaida yake. Akaonja. Akatazama mbali, akakawia mpaka nikataka kumkamata shati. Yule jirani aliyesema sumu alikuwa amesimama nyuma yangu, nikimsikia anavyopumua.

"Hayafai," mume wangu alisema. "Haya hata uyaanike mwaka mzima, hayafai chumvini kabisa."

Alhamdulillahi, vigelegele vya siku ile! Mavyaa akainyang'anya ile kata mkononi mwa mwanawe, akanywa mpaka tone la mwisho, akanirudishia ikiwa tupu.

"Nenda kachote nyingine," alisema. "Mume wako bado hajanywa."