Mbwa Aliyeambiwa Akae

Mbwa wetu anaitwa Hayakuhusu. Jina alimpa mume wangu, Elieza, na aliyelengwa ni jirani yetu Verediana, ambaye kila ndoo ya asali ikiingia uani kwetu lazima aulize imetoka upande gani. Basi jioni Elieza akiita, "Hayakuhusu! Hayakuhusu wee!" Verediana anaitikia kutoka jikoni kwake, "Nimesikia, baba Esther, nimeshasikia!" Tulikuwa tunacheka. Sasa ninayeliita jina hilo ni mimi, msituni, na haitikii mtu.

Elieza alikwenda kurina asali akiwa mzima, kamba begani, mkoba ubavuni. Hakurudi. Kesho yake jioni mbwa alirudi peke yake, akanywa maji ya ndoo niliyooshea vyombo, akala, akalala. Kulipokucha hayupo, ameshakwenda msituni. Jioni karudi. Ikawa ndiyo kazi yake.

Niseme kwanza alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtashangaa kijiji kizima kimeshindwaje kumpata mtu mmoja katika msitu ambao watoto wanaokotea kuni.

Elieza ni mtu wa hapa hapa Kalinzi, wa kahawa na baridi. Mimi ni mtoto wa Katonga, kando ya ziwa, nimekulia kwenye dagaa. Alikuja mwaloni, penye soko la samaki, kuuza asali, nikamwambia mbele ya watu kwamba asali yake imetiwa maji. Akachovya kidole, akaonja, akasema, "Asali haina kosa, dada. Ulimi wako ndio umezidi chumvi." Nikaolewa na mtu huyo. Mama yangu alisema nimefuata ndoo. Pengine kweli.

Kwetu ziwani mambo yako wazi. Mtumbwi ukitoka unauona mpaka unakuwa kitone, na wa kurudi unauona vilevile. Huku juu mtu akipita mti wa tatu ameshapotea. Na warina asali ndio balaa kabisa, kwa sababu hawasemi mizinga yao iko wapi. Si kwa rafiki, si kwa padri, si kwa mke. Baba humwonyesha mtoto mmoja wa kiume, basi, mpaka kufa. Baba mkwe alimwonyesha Elieza, akamwacha Yona, mdogo wake, na Yona hajalisahau hilo hata leo. Sisi tumejaliwa Esther tu, naye ameolewa Kasulu.

Nilimwambia, "Basi nionyeshe mimi."

"Wewe? Kwa mdomo huo? Sijafika nyumbani Ujiji nzima imejua."

Nikanuna. Akaniletea sega kubwa, nikalila huku nimenuna.

Alikuwa anaingia msituni kwa njia hii, anatoka kwa njia ile, mtu asije akafuata nyayo. Simu anaiacha nyumbani kwenye msumari, anasema nyuki hawapendi kelele. Mbwa naye hafiki kwenye mizinga, maana akibweka tu siri imekwisha. Anamwacha mahali, anamwambia, "Kaa." Mbwa anakaa. Akirudi anampitia, wanakuja wote. Hayo alinieleza mwenyewe kwa majivuno, kama mtu anayeeleza amejenga ghorofa.

Alipopotea, wanaume walimfuata mbwa. Nani asingemfuata? Mbwa akawapeleka mpaka kijito cha bondeni, akapanda juu ya jiwe pana, akakaa. Wakasubiri. Wakambembeleza. Wakampiga mateke, wakamrushia mawe, akaenda pembeni, akarudi jiweni. Kuna mtu alikuwa amemwona Elieza asubuhi ile akipanda na kijito, basi wakatafuta juu, kushoto na kulia, wakiita mpaka sauti zikakauka. Hakuna kitu. Mwenyekiti akashukuru watu. Mvua zikaanza, kila mtu na shamba lake.

Nikabaki mimi na mbwa.

Kila asubuhi nilimfuata. Watu wanasema kutembea msituni kunatuliza moyo. Wangu haukutulia. Miti ilikuwa ileile, siafu walewale, na mimi ninaongea peke yangu kama kichaa: ninamtukana Elieza, ninamwomba msamaha, ninamtukana tena. Niliwaza miaka yote niliyoishi naye. Nilijua anavyokohoa kabla ya kusema uongo, nilijua mguu wake upi unauma kwa baridi. Nusu ya maisha yake lakini ilikuwa huku, nami sikuijua hata njia. Nilikuwa nimelala na mtu wa jioni. Mtu wa asubuhi sikumjua.

Nikirudi, Verediana ananichungulia. Haulizi tena. Siku moja aliniletea uji, akauweka mlangoni, akaondoka bila neno, Verediana yule! Hapo ndipo nilipojua nimekuwa mjane.

Halafu Yona akaja na wazee wa ukoo.

"Shemeji," akasema, "matanga hayawezi kukaa hewani hivi. Jumamosi tutazika mgomba."

"Mgomba?"

"Ndivyo walivyofanya kwa babu, alipofia manamba, kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, mwili usirudi. Waliuvika shuka lake, wakauombea, wakauzika. Mtu akapumzika."

"Babu yenu alikuwa Tanga. Elieza yupo hapo chini ya kilima."

"Hapo wapi, shemeji? Tuonyeshe, twende sasa hivi."

Aliniangalia, nikaona hakuwa amekuja kwa ubaya, macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi hakunionyesha pia," akasema. "Nitamtafutia wapi?"

Wakizika mgomba, basi hakuna atakayeingia tena msituni. Atakuwa amezikwa. Mume wangu ataliwa na fisi huku juu ya kaburi lake tunapanda maua.

Ijumaa niliondoka na mbwa kabla ya kukucha. Nilibeba viazi vya kuchoma na panga. Tulipofika kijitoni, akapanda jiweni, akakaa. Nikaangua kilio. Nilimshika mbwa masikio nikamtikisa: "Yuko wapi? Sema! Si unajua wewe!" Akanilamba mkono, akageuza uso wake, akaendelea kutazama.

Akaendelea kutazama. Nikanyamaza hapo hapo.

Siku zote hizo nilikuwa nikimwangalia mbwa, sijaangalia anachokiangalia. Hakuelekea juu ya kijito, kule alikopita bwana wake na kule wanaume walikohangaika. Kule alikupa mgongo. Alikuwa ametazama chini, upande wa kulia, kwenye vichaka vya mteremko wa kuelekea ziwani. Nikamgeuza kwa nguvu. Akajirudisha. Nikamgeuza tena, akajirudisha.

Alikokwenda bwana wake hakukumhusu. Alichojua ni anakotokea akirudi.

Nikasema, "Twende." Hakuinuka. Nikamwacha, nikaingia vichakani kwa panga.

Haikuwa mbali. Hilo ndilo linaloniua. Ukishavuka vichaka kuna genge dogo, chini yake miti mikubwa, na ziwa linaonekana lote, mpaka milima ya Kongo. Niliiona mizinga kwanza, imelala juu ya matawi, mizuri, magogo aliyoyachonga mwenyewe. Kisha kamba, imekatika. Kisha yeye.

Niliyoyaona nimemficha Esther, na hapa nayaficha. Nitasema mawili tu. Mguu wake ulikuwa umefungwa shati, umefungwa vizuri, kwa mkono wake. Na pembeni yake palikuwa na nta iliyotafunwa, tonge kwa tonge, imetemwa. Hakufa siku aliyoanguka. Alikuwa anakula masega na kungoja, huku juu ya genge watu wanamwita kijitoni, na maji yanapiga kelele kuliko wao. Alimwita mbwa? Kama alimwita, maji yaliimeza sauti hiyo pia. Mbwa alikuwa jiweni, ameambiwa akae, amekaa.

Siri ile hakuna aliyemwibia. Aliitunza mwenyewe mpaka mwisho.

Nilichukua mkoba wake, nikapanda nao. Sijui kwa nini niliuchukua, labda ili mbwa ajue kazi imekwisha. Nikauweka mbele yake juu ya jiwe. Akaunusa sana, mkia ukaanza kupiga. Kisha akainua kichwa, akanipita kwa macho, akatazama nyuma yangu, kwenye vichaka, kuona bwana wake amechelewea wapi.

Hapo nilipiga ukelele. Sikujua nina sauti ile. Verediana alikuwa mashambani, akausikia, akaupokea, ukapokewa na wengine mpaka barabarani.

Yona alifika wa kwanza, anahema, mikono myeusi kwa utomvu.

"Shemeji, nini?"

"Umeukata?"

Akaficha mikono.

"Mgomba wako wape ng'ombe," nikamwambia. "Leta machela. Kaka yako yuko hapo chini."

Alishuka. Waliomfuata chini waliniambia baadaye kwamba alilia kama mtoto, anasema, "Kumbe hapa, kaka? Kumbe hapa?" Mimi sikushuka naye. Nilikuwa nimekaa na mbwa, sote tumetazama kule.

Walichelewa, machela ilibidi ifungwe kwa miti na kamba ileile. Verediana alikuja akakaa chini, upande wangu wa pili, hakuuliza kitu. Kisha vichaka vikatikisika, wakatokea wanaume, Yona mbele, wamembeba Elieza amefunikwa shuka. Alikuwa anarudi kwa njia yake.

Hayakuhusu akasimama. Akajinyoosha, mgongo wote, kama mtu aliyekaa ibada ndefu. Akashuka jiweni, akaingia chini ya machela, akashika njia ya nyumbani.

Mimi sikuweza kuinuka. Verediana alinishika kwapani.

"Twende, mama Esther," akasema. "Twende, amekuja kukupitia."