Nilivyoandika programu iliyokataa majina ya babu zetu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Habari hii nimekaa nayo miezi kadhaa nikiona haya kuisimulia. Leo naitoa ilivyo, sijipendelei, maana aliyekosea ndani yake ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa programu. Naishi Kilifi mjini, kwetu ni Kaloleni, kwa Wagiriama. Siandiki mambo makubwa. Ni programu za kawaida za kompyuta: dirisha, visanduku vya kujaza, na kitufe cha Hifadhi. Wateja wangu ni maduka ya dawa, shule, ghala la korosho, watu wa namna hiyo.

Kitu kimoja mnijue nacho: napenda validation kupita kiasi.

Kwa asiyejua, validation ni ule ukaguzi ambao programu hufanya kabla ya kukubali ulichoandika. Umeweka herufi kwenye namba ya simu? Kisanduku kinakuwa chekundu. Umeacha jina wazi? Chekundu. Kitufe cha Hifadhi kinafifia, hubonyezi kitu mpaka ujirekebishe.

Ugonjwa huu niliupata Malindi. Nilitengenezea shule fulani programu ya wanafunzi, karani akawa ananakili majina mbiombio, na baadhi ya watoto wakaingia na jina la kwanza limeandikwa tena pale pa jina la tatu. Vyeti vikachapwa hivyo hivyo. Mwalimu mkuu alinisuta mbele ya wazazi mpaka nikatamani ardhi ipasuke.

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikaapa kwamba kuanzia siku ile, jina la kwanza likifanana na la tatu, programu yangu haipokei.

Baadaye nikapata kazi ya kituo cha afya cha binafsi upande wa Tezo. Jina lake naliweka kando, wao hawana kosa. Walitaka kuachana na daftari kubwa la mapokezi.

Mapokezi alikuwepo Bi Mwanaisha, mama wa makamo, mzaliwa wa Malindi ya zamani. Anaandika kwa vidole viwili, lakini hapotezi herufi. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi kujaribu. Alipoandika K, kisanduku kikawa chekundu. Ka, bado chekundu. Nilikuwa nimeweka sharti kwamba jina lisipungue herufi tatu, na ukaguzi ulikuwa unafanyika kila herufi inapobonyezwa.

Akanigeukia. "Mwanangu, hii mashine yako haina adabu. Mtu hajamaliza kutamka, ishamwambia amekosea."

Nilicheka, lakini alikuwa na haki. Nikabadilisha, ukaguzi ukawa unasubiri mpaka mtu amalize kisanduku na kukiacha.

Hilo nilimsikiliza. La pili sikumsikiliza.

Wiki haikuisha akanipigia simu.

"Kuna mtu hapa mashine imemkataa."

"Inasemaje?"

"Yasema jina limerudiwa."

"Basi umeliandika mara mbili, Bi Mwanaisha. Kagua."

"Nimeandika kama alivyonambia mwenyewe."

"Kagua tena. Programu haikosei."

Programu haikosei. Wakuu, maneno hayo yalitoka katika kinywa changu hiki. Nilikuwa na kazi nyingine mkononi, nikakata simu. Hakunipigia tena juu ya jambo hilo, nami nikachukulia kwamba ametambua kosa lake.

Miezi miwili hivi ikapita. Jumanne moja asubuhi nikaenda pale kurekebisha printa. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kaunta nikichomoa karatasi iliyokwama, nikiona kila kitu.

Akaingia mwanamume, mkulima, amefungwa leso kuanzia kidevuni hadi utosini. Jino lilikuwa limetunga usaha, taya limevimba, mdomo haufunguki. Mkewe, Kadzo, ndiye aliyekuwa akimsemea. Akataja majina, Bi Mwanaisha akatafuta, akafungua faili. Daktari akamwona, akaandika sindano. Kadzo akatoka kwenda kununua maji.

Chumba cha sindano kinatazamana na mapokezi, mlango ulikuwa wazi. Nesi alimuuliza mgonjwa kama kuna dawa inayomdhuru. Yule bwana alijaribu kusema, ikatoka sauti tu, mkono ukienda huku na huku. Nesi akadhani ni maumivu. Akatazama skrini, na faili lilikuwa safi, halina onyo lolote. Akaanza kuvuta dawa.

Kadzo akarudi na chupa ya maji. "Hiyo ni dawa gani?"

"Penisilini, mama."

Chupa ilianguka. "Ngojani! Hiyo ndiyo ilitaka kumuua mwaka jana! Alivimba uso, pumzi ikakata, hapa hapa! Na mukaandika, niliona kwa macho yangu!"

Nesi akaweka sindano chini. Akatoka kuja mapokezi.

Ni kweli waliandika. Onyo lilikuwepo kwenye daftari la zamani, na Bi Mwanaisha alilihamisha kwenye kompyuta neno kwa neno. Ila lilikuwa kwenye faili jingine. Bi Mwanaisha alipotafuta upya, yakatokea mafaili mawili, ya watu wawili tofauti, na yote yameandikwa: Karisa Katana Tezo. Asubuhi ile lilikuwa limefunguliwa lisilo lake.

Kadzo akasimama mbele ya kaunta, akachungulia skrini. "Tezo ni kwetu, ndiko tunakolima. Mume wangu ni Karisa wa Katana wa Karisa. Jina la babu yake mumelipeleka wapi?"



Wale wa bara labda hamjui. Kwetu Wagiriama, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Karisa akimzaa Katana, Katana naye atamzaa Karisa. Ukiandika majina matatu, la kwanza na la tatu ni moja. Si karani aliyekosea, ndivyo babu anavyorudi nyumbani.

Programu yangu ilikuwa inawakataa watu hawa wote. Bi Mwanaisha, na foleni imefika mlangoni, afanyeje? Alijaribu kuweka nukta, ikakataa. Kuacha wazi, ikakataa. Akaona aandike jina la mahali mtu anapotoka, na programu ikapokea kwa furaha, kisanduku kikawa kijani! Nilipofungua orodha baadaye nikakuta ukoo mzima wa kina Tezo ambao haujawahi kuzaliwa.

Sasa tazameni. Daftari la karatasi, ambalo halikagui chochote, lilikuwa na ukweli. Mimi mkaguzi ndiye niliyemlazimisha mwanamke mkweli aandike uongo.

Nesi alikuwa anamtazama Bi Mwanaisha. Bi Mwanaisha alinitazama mara moja, kisha akainamisha macho kwenye kibodi, hakunitaja. Angeweza kunitaja. Kimya chake kiliniuma kuliko suto la yule mwalimu mkuu wa Malindi.

Nikainuka. "Mama Kadzo, jina mimi ndiye niliyelikataa. Huyu bibi aliniambia mapema, sikusikia."

Aliniangalia juu mpaka chini. "Na wewe ni mtu wa wapi?"

"Kaloleni."

"Kaloleni!" Akatikisa kichwa, akaenda kuketi na mumewe. Karisa alipewa dawa nyingine, na wiki ile ile alipona.

Mimi nilirudi nyumbani na swali la Kadzo. Mtu wa Kaloleni alipitwaje na jambo hili? Jibu nililipata nilipokumbuka jinsi nilivyoijaribu programu kabla ya kuwapa. Niliandika jina langu, Samson Baya Kahindi. Ikapita bila wasiwasi.

Samson ni jina la ubatizo. Liko kwenye kitambulisho, kwenye vyeti, kila mahali. Ila nyanya yangu hajawahi kuniita hivyo. Yeye huniita mume wangu, kwa sababu nimepewa jina la babu. Nikafungua ile programu, nikaandika jina ambalo nyumbani wananijua kwalo.

Kahindi. Baya. Kahindi.

Chekundu. "Jina limerudiwa. Tafadhali sahihisha."

Nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa na aibu ya peke yangu. Babu yangu amelala kwenye shamba letu, na mimi nilikuwa nimeandika amri kwamba asahihishwe.

Siku iliyofuata nilirudi Tezo na mapema. Tulikaa na Bi Mwanaisha na lile daftari la zamani, tukarudisha majina ya watu mmoja mmoja. Nikaweka kisanduku cha mahali peke yake, na mtafutaji sasa anaona mwaka wa kuzaliwa na mahali kabla ya kufungua faili. Ukaguzi wa majina sikuutoa wote, maana kosa la karani lipo kweli. Lakini pale ilipokuwa amri nikaweka swali, na maneno yake nilimwachia Bi Mwanaisha achague. Yanasomeka hivi: "Jina la kwanza na la tatu ni moja. Je, ni jina la babu?" Vitufe ni viwili, Ndiyo na Nirekebishe.

Funzo nililobaki nalo, hasa kwa wenzangu wa code: kabla ya kukataza, jiulize kama ni wewe usiyejua au ni kosa kweli. Tarehe thelathini ya Februari, kataa, haipo. Jina la mtu, uliza tu, mwenyewe ndiye anayelijua. Na mtu wa mapokezi akikupigia simu, weka kazi chini umsikilize. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lilikuwa la mtu mwingine kabisa.

Karibuni mseme. Kuna aliyewahi kujaza fomu ikamwambia jina lake ni kosa? Ulifanyaje, ulibishana nayo au ulijibadilisha ili ikukubali?

Ni mimi,
Kahindi Baya Kahindi.