Mgongo wa Komisioneri

Ukitaka kuuza nyumba mjini Baraka, unamwita yule komisioneri, dalali mwenye sauti ya taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Bushira alimwita auze nyumba yake ya kando ya ziwa, na tangu hapo hachoki kumtazama. Komisioneri akiingia na mnunuzi, hufungua kwanza dirisha la upande wa maji. Mwanga wa ziwa huanza kuchezacheza darini, naye humsimulia mgeni jinsi atakavyolala humo mchana, upepo ukimpepea. Hamwachii nafasi ya kuuliza. Na kila mara husema akiwa ameegemea ukuta uleule, pale ambapo ziwa lilipofurika liliacha mstari wa kahawia, hata shati lake huondoka jeupe mgongoni kwa chokaa. Wanunuzi humsikiliza kama walio usingizini, hutabasamu, kisha huenda zao wasirudi.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Mboko, huko huko kando ya ziwa. Alimwacha aseme mpaka mwisho, kisha akamwambia polepole, “Papa, sogea kidogo.”

Akasogea. Mama akaufuata ule mstari kwa kidole, kutoka kona mpaka mlangoni. “Kwetu maji ilifika ku dirisha,” akasema. “Na kwako we, ilifika wapi?”

Bushira hakuwahi kuona mikono ya komisioneri ikitulia namna ile. Komisioneri alitazama juu, kwenye ule mwanga uliokuwa ukicheza darini.

“Kwangu ukuta haikubaki, mama.”

Yule mama akavua viatu, akaviweka kando ya mlango. “Basi,” akasema, “unionyeshe jiko.”