Chungu Kinachokwenda Joni

Mvua imepusa kidogo asubuhi hii ya Mei, 1956. Katika gereji ya mianzi hapa Mbugani, Kyela, miguu miwili yenye matope imetokeza chini ya Landrova. Ni miguu ya Fundi Asegelile.

"Tata, nati hiyo umeikaza mara tatu," anasema Hezroni, dereva kutoka Tukuyu, akimwita baba kwa heshima.

"Naikaza ya nne. Utakayelala nayo porini ni wewe, si mimi."

Kesho gari hili linaondoka. Litavuka mto Songwe, literemke Nyasaland yote, lipite Rodesia, lifike Johannesburg, ambapo watu wa hapa hupaita Joni, kisha liishie Kepu kwenye bahari ya kusini. Mwenye safari ni Bwana Harding, Mwingereza anayechunguza miamba. Kuliandaa gari ni kazi ya Asegelile, aliyejifunza ufundi jeshini wakati wa vita vya Burma.

Ameongeza bamba katika kila springi kwa ajili ya mzigo. Mbele ya rejeta amefunga wavu wa kuzuia mbegu za majani. Madebe ya petroli yako kulia, ya maji kushoto. Kila anachokifunga hukifungua, kisha hukifunga tena amefumba macho.

"Gari huharibika gizani," anasema. "Mchana huona haya."

Anaandaa safari ambayo haendi. Hadi wiki iliyopita, kiti cha dereva na fundi kilikuwa chake, naye alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Miaka sita iliyopita mwanawe wa pekee, Ambilikile, alikwenda kuchimba dhahabu Joni. Alimwacha mkewe, Damaris, akiwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Tangu hapo imekuja habari moja. Mtu wa Ngana aliyerudi alisema alimwona amevaa koti zito, akicheka, akasema atarudi mpunga ukivunwa.

"Hakusema mpunga wa mwaka gani," anasema Asegelile. Anafuta mikono kwa kitambaa, halafu anaifuta tena, ingawa imekwisha kuwa safi.

Safari ya Bwana Harding ilipotangazwa, aliona njia imefunguka. Angefika Joni, angezunguka kambi za wachimbaji moja baada ya nyingine, akiita jina la mwanawe.

Bwana Harding alikuwa akilalamika kwamba maji ya madebe yananuka bati. Asegelile akashauri chungu cha Kikisi, ambacho huyapoza maji hata juani. Damaris ni Mkisi wa Matema, tena mfinyanzi. Lakini Asegelile hakuweza kumwagiza. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani, na wakikaribia kukutana njiani, mmoja hujificha. Ujumbe ulipitia kwa mkewe Asegelile, Neli.

Siku ya kulijaribu gari likiwa na mzigo wote, Asegelile alishika usukani, Bwana Harding pembeni yake, wakaelekea Ipinda. Njia ile hupita juu ya tuta jembamba, mashamba ya mpunga yamejaa maji huku na huku. Katikati ya tuta akatokea mwanamke, chungu kikubwa kichwani.

"Nilijua ni yeye kwa mlio wa gari," anasimulia Damaris. "Pa kujificha hapakuwapo. Nikageuza uso, nikaanza kushuka majini. Tope likanishika miguu, chungu kikayumba."

Asegelile naye alimtambua kwa mwendo. Kusimama kungewakutanisha, na kumpita kungemweka karibu kuliko urefu wa mkono. Akakata usukani. Landrova, pamoja na mzigo wake wote, ikaingia mpungani.

"Una wazimu?" Bwana Harding alifoka, maji yakimfika magotini. "Barabara ilikuwa kavu!"

"Nimepisha, Bwana."

"Umepisha nani? Mwanamke mmoja wa miguu?"

"Si mwanamke, Bwana. Ni mkamwana."

Wavunaji walikuja kuvuta kwa kamba huku wakicheka. "Mwe, Tata! Sisi tunavuna, wewe ndio kwanza unalima?" Gari lilitoka; chungu kilikuwa kizima, lakini springi moja ya mbele ilikuwa imevunjika.

Jioni ile Bwana Harding alisema hawezi kuvuka Afrika na mtu anayeacha barabara kavu. Kiti akapewa Hezroni. Mjini wanasema amechaguliwa kwa sababu watoto wake bado wadogo, hana mkamwana.

Anaulizwa: ungerudi siku ile, ungefanya nini?

"Ningepisha," anajibu Asegelile mara moja. "Mwanangu aliniachia mke wake nimtunzie heshima. Ningefikaje mbele yake nimwambie nilimwangusha majini ili nipate kiti?"

Springi mpya imekwisha kufungwa. Sasa anatengeneza kazi ya mwisho: kiota cha majani ya mpunga, ndani ya fremu ya mbao, nyuma kabisa ya gari. Hataki chungu kifunikwe kwa turubai.

"Watu wetu wamejaa Joni," anaeleza. "Wakiona chungu cha Kikisi nyuma ya gari, watakimbia kuuliza kimetoka wapi. Mmoja wao atamjua Ambilikile. Naye ataujua mkono uliokifinyanga."

Nyuma ya ukuta wa mianzi kuna mtu. Chungu kimewekwa chini, upande wa huku, na Neli. Sauti ya Damaris inapita katika nafasi za mianzi, ikisema na chungu.

"Wewe chungu, ukimwona, kaa naye. Au rudi naye. Usirudi peke yako."

Asegelile hatazami ukutani. Anapiga boneti kofi moja dogo. "Gari, umesikia ulivyoambiwa?"

"Nimesikia," anajibu Hezroni badala ya gari, na hacheki.

"Ndaga," unasema ule ukuta. Ahsante.

Asegelile anakiinua chungu kwa mikono miwili, anakilaza katika majani, anakifunga kwa kamba za migomba. Anafungua. Anafumba macho, anafunga tena.

Gari linatazamiwa kurudi mwezi wa Novemba. Asegelile amekwisha kusema atakapolingojea: palepale kwenye tuta, ambako ameanza kujaza udongo ubavuni mwa njia, papate kuwapo pa kupishana.

"Watu wengine watamwangalia Bwana, na vumbi, na matairi," anasema. "Mimi nitazunguka nyuma kwanza. Nikikuta kile kiota kitupu, nitajua chungu kimekaa na mwanangu; sitauliza kitu."