Disketi Tatu Zilizopita Masijala

Nilidanganya bila hata kupepesa macho. Meneja wa mradi wetu wa visima alituita sisi wapiga chapa wawili, akatueleza kwamba mambo yamebadilika: wafadhili wameleta kompyuta, na wafanyakazi wanapunguzwa kila ofisi. Angebaki mmoja wetu, yule atakayeimudu mashine.

"Nani amewahi kuitumia?"

Mwenzangu, mama wa Kijita aliyenipokea kazini nikiwa sijui hata kubadilisha utepe wa taipureta, alitikisa kichwa. Mimi nikanyoosha mkono. Kompyuta nilikuwa nimeiona mara moja, kupitia dirisha la benki.

Kwa wiki kadhaa nilijikongoja na kitabu cha maelekezo. Nikajua kuchapa, nikajua kuhifadhi, kisha nikajua kufuta, na hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Asubuhi moja meneja alivuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga kukagua visima, nikaamua kumfanyia usafi ndani ya mashine. Kila faili ambalo sikulielewa jina lake nililifuta, nikijisifu kwa bidii yangu. Nikazima, nikawasha. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa Kiingereza ukisema mfumo wa kuiendesha haupo.

"Imekuwaje, mdogo wangu?" mwenzangu aliuliza.

"Inapumzika, mama."

"Sasa mbona anayehema ni wewe?"

Kitabu kilisema mfumo unarudishwa kwa disketi tatu zilizokuja na mashine. Disketi zilikuwa masijala, kwa mzee mmoja ambaye hata pini haikutoka kwake bila barua. Nikaandika upesi: Yah: Ombi la disketi kwa matengenezo ya kawaida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aliisoma, akaigonga muhuri, akanitazama. "Binti, matengenezo ya kawaida ndiyo yanakutoa jasho hivyo?"

"Ni joto, mzee."

"Joto gani, na mimi nimevaa sweta?"

Akaleta jalada. Disketi zilikuwa zile pana, nyembamba, za kupindika, naye alikuwa amezifanyia kama alivyozifanyia karatasi zote: muhuri, namba kwa wino mwekundu, tundu kwenye kona, kisha akazifunga pamoja kwa kamba ya kijani. Nilipiga yowe.

"Ulitaka nizifungie jaladani bila kuzitoboa?" alisema, amekasirika kweli. "Si zingepotea?"

Nikaikata kamba na kuziinua disketi dirishani. Kumbe kisahani kilichomo ndani ni duara, hakifiki kwenye kona. Mzee alikuwa ametoboa ganda tu. Nilitamani kumkumbatia, ila angenidai barua.

Nikakimbia nazo hadi kwenye mashine. Ya kwanza ilikubali. Mashine ikaanza kukoroma. Kitabu kilitoa njia mbili: amri moja inafuta kila kitu na kuanza upya, nyingine inarudisha mfumo peke yake. Mle ndani mlikuwa na ripoti yote ya wafadhili niliyoichapa. Nilisoma ukurasa ule mara tatu, kidole kikiwa juu ya mstari, ndipo nikaandika ile amri ya pili. Disketi ya pili nayo ikapita. Ya tatu ikakwama mlangoni, haiingii wala haitoki. Kipande cha kamba ya kijani kilikuwa kimebaki kwenye tundu.

Mwenzangu aliinuka bila kuulizwa. Akaja na wembe wake wa kukwangulia makosa kwenye karatasi, akaikata kamba uzi mmoja mmoja, akaisukuma disketi kwa kidole gumba. Ikaingia. Muda si mrefu kioo kikawaka, na ripoti yangu ilikuwepo, nzima. Nilicheka kama mwehu, naye akacheka.

Meneja alirudi na kivuko cha alasiri. "Mashine inaendaje?"

Mwenzangu ndiye aliyejibu, macho yakiwa kwenye taipureta yake. "Anaimudu."

Ijumaa ile meneja aliniletea barua ya kuchapa, ya kumpunguza mtu kazi. Mtu mwenyewe alikuwa mwenzangu. Niliichapa vizuri kuliko barua yoyote, nikiona aibu ambayo sijaweza kuimaliza hadi leo, nikampelekea mimi mwenyewe mezani kwake. Aliisoma hadi mwisho. Akachukua kalamu, akaongeza koma niliyoisahau kwenye mstari wa tatu, kisha akasaini kwamba ameipokea.