Swali Nililoshindwa Kuliacha

Jibu ni eksi jumlisha tatu, ndani ya mabano, mara eksi toa mbili, ndani ya mabano. Basi. Mtoto wa dada yangu alinionyesha mwaka jana tumekaa jikoni, maharage hayajaanza hata kutokota. Nikamwambia ahsante, nikainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu, kwa sababu sikutaka anione uso. Jibu hilo nililihitaji nikiwa kidato cha pili. Siku hizi halinifai kitu.

Shule yetu ya kata, huku Mtinko, haikuwa na mwalimu wa hisabati tangu tuingie kidato cha kwanza. Kipindi cha hisabati kikifika tulifagia uwanja. Kisha akaja dada mmoja wa kujitolea, amemaliza kidato cha sita juzi juzi, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Tulimwita Madam, naye alicheka kila tulipomwita hivyo. Mada ilikuwa ile ya kutafuta vigawo: unapewa fungu refu la eksi na namba, unatakiwa ulivunje liwe mabano mawili yanayozidishana. Kwa Kiingereza cha ubaoni tulitoka kapa wote. Madam alitutazama, akaweka chaki chini, akatuagiza maboksi ya sabuni kutoka dukani.

Tukayakata vipande. Mraba mkubwa ndio eksi kipeo cha pili, ukanda mrefu ndio eksi, kipande kidogo ndicho moja.

"Hili ni shamba," akasema. "Pangeni vipande vyote vikae mstatili. Pasibaki kitu, pasipungue kitu. Ukimaliza, soma urefu na upana. Hayo ndiyo mabano yako."

Watoto wa wakulima tukaambiwa habari za shamba! Mraba mmoja, kanda tano, vipande vidogo sita. Nilivisogeza kidogo vikakaa, upande mmoja eksi na mbili, mwingine eksi na tatu. Nilipiga kelele darasani kama mtu aliyeona nyoka. Tangu siku ile nilitaka kuwa mwalimu wa hisabati, na nilimwambia kila mtu, mpaka mbuzi.

Baba naye nilimwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukifaulu mtihani wa kidato cha pili, endelea. Ukifeli, hakuna kukariri darasa. Mama yako anapalilia peke yake." Baba yangu si mtu mbaya. Ni mtu wa neno moja, na wakati mwingine ni afadhali mtu mbaya, maana mbaya hubembelezwa.

Madam akapata ajira wilaya nyingine kabla hajatufundisha namba hasi. Tulimwimbia wimbo wa kumuaga, tukalia, akapanda bodaboda na begi lake. Tukabaki na maboksi yetu. Kitu cha kutoa utakipangaje shambani? Tulibishana sana, hakukuwa na wa kutuamua. Mwishowe tukakubaliana: panga kama kawaida, halafu tia alama ya toa kwenye mabano. Mara nyingine jibu lilitoka sawa, na hilo ndilo lililotuponza. Lingetoka kosa kila mara tungejua kwamba hatujui.

Sasa niseme nilivyolelewa. Kwetu shamba hulimwa kwa ngwe. Asubuhi kila mtu anapimiwa kipande chake, na huhami mpaka umekimaliza. Mama alikuwa mkali kwa jambo hili kuliko kwa jambo lolote. Ukikuta kisiki, unapambana na kisiki. Ukiruka, anakurudisha mbele za watu, na jina la mvivu linakufuata mpaka mnadani. "Ngwe haiachwi katikati," alikuwa akisema, hata tukiwa tunaosha vyombo.

Mtihani ulikuwa Novemba. Nilianza vizuri. Kisha nikalikuta swali lenyewe: eksi kipeo cha pili, jumlisha eksi, toa sita. Nikachora pembeni mraba, ukanda mmoja, vipande vidogo sita. Haukai mstatili. Nikafuta, nikachora upya, nikageuza karatasi. Haukai. Kumbe nilitakiwa niongeze kanda tatu na kutoa mbili, ubaki ule ule mmoja. Yaani nilime kanda ambazo hazikuwepo. Nani kwetu anapalilia tuta ambalo halipo?

Maswali mengine yalikuwa ukurasa wa pili. Niliyaona. Mengine nilikuwa nayaweza kabisa, ya asilimia, ya pembetatu. Lakini mkono ulikataa kuhama. Niliona aibu, humo humo kwenye chumba cha mtihani ambako hakuna aliyekuwa akinitazama, kana kwamba mama amesimama mwisho wa tuta. Karatasi zilikusanywa nikiwa nafuta tena, na pale nilipokuwa nafuta pametoboka.

Matokeo yalitoka Januari, alizeti zimefika magotini na magugu yamezifuata. Baba hakugomba. Alisema, "Haya. Nilishasema," akaenda kufungua ng'ombe. Afadhali angegomba.

Kesho yake nilifuatana na mama shambani. Alinipimia ngwe kando ya yake, kama alivyonipimia tangu nikiwa mdogo. Jana yake nilikuwa nimemwambia tu kwamba swali moja ndilo lililonikwamisha. Tukiwa tunapalilia akauliza bila kuinua kichwa, "Hivi hilo swali lenyewe lilikuwaje?"

Nikamweleza. Kwamba nilikaa nalo mpaka karatasi zikakusanywa. Kwamba yale mengine sikuyagusa.

Mama aliacha kupalilia. Akasimama wima, mkono kiunoni.

"Sasa mwanangu, kwa nini hukuliacha ukaenda kwenye lingine?"

Nilimtazama. Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kwa uchungu wa kweli, macho yamemjaa machozi, kama mtu ambaye hajawahi kunifundisha lolote maishani. Nikashika jembe.

Jua lilipokuwa kali alikwenda kivulini na kibuyu cha uji, akaniita nipumzike. Sikwenda. Ngwe yangu ilikuwa haijaisha.