Mwenye Mtoto

Mimi nimeolewa na mwanamke. Watu wa mbali wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza, na nimeshachoka kueleza, lakini nitaeleza mara hii moja. Huku kwetu mama aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, akamtafutia mwanaume wa kumzalisha, na watoto wakizaliwa wanakuwa wa yule aliyetoa ng'ombe. Tunaiita nyumba ntobhu. Mimi nilitolewa Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, nikaletwa upande wa Tarime kwa mama mmoja mjane aliyezaa mabinti watupu. Mabinti waliolewa, ng'ombe wao wakaingia zizini, na ng'ombe haohao wakanileta mimi. Kwetu hawakukaa: kaka yangu aliwachukua akaenda kuoa. Kwa hiyo mke wa kaka yangu anapika jikoni kwa mama yangu kwa sababu mimi napika jikoni kwa mama wa watu.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kiume. Mama mkwe, ndivyo ninavyomwita, alicheza siku ile mpaka kitenge kikamdondoka. Sitamsingizia, alimpenda. Alimbeba mgongoni kwenda naye kanisani, akawaambia watu amepata mwanawe uzeeni, na watu wakampongeza yeye. Kadi ya kliniki aliitunza yeye. Mimi nilikuwa na maziwa tu. Kazi yangu ilikuwa kunyonyesha, kulima mihogo na kunyamaza, na katika hizo tatu ya mwisho ndiyo iliyonichosha zaidi.

Kwamba mtoto hasikii nilikuja kugundua siku ya mvua ya mawe. Mawe yalipiga bati mpaka sisi wenyewe tukawa tunasemeshana kwa mikono. Kuku walilia, mbuzi walilia, mtoto wa jirani aliyekuwa amejikinga kwetu na mama yake alilia mpaka akapaliwa. Wangu alikuwa amelala chali kwenye mkeka, ameachama, usingizi wake haujaguswa. Jirani akasema, "Huyu mwanaume kweli." Mimi nikamsogelea, nikamtazama upya.

Baada ya hapo nikawa nampima mwenyewe. Nilimwita akiwa amenipa mgongo. Nilidondosha mfuniko wa sufuria nyuma yake. Alikuwa anakaribia miaka miwili, anatembea, anakimbiza vifaranga, anacheka ukimtazama, ila neno hana hata moja, na ukikaa nyuma yake ni kama haupo.

Nilimwambia mama mkwe. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha.

"Wanaume wa nyumba hii wanachelewa kusema," akasema. "Marehemu mwenyewe alisema akiwa mkubwa. Ni damu."

Marehemu ni mume wake, aliyezikwa kabla sijavunja ungo. Damu yake haikupita hata mlangoni kwangu. Anayekuja kwangu ni mfuga ng'ombe wa kijiji cha pili, na yeye mama mkwe ndiye aliyemchagua. Nilitamani nimkumbushe. Lakini mila ikishasema mtoto ni wa nyumba, basi hata masikio yake ni ya nyumba, nikabeba jembe langu nikaenda.

Haikupita muda mrefu tukatangaziwa kwamba zahanati itapima watoto wadogo, si uzito na chanjo tu, bali namna wanavyokua: kutembea, kushika, kusikia, kusema. Na wazazi ndio watakaosaidia, kwa sababu wao ndio wanaoishi na watoto. Tangazo lilikuwa zuri. Wazazi wa kwetu tukalielewa kwamba ni mtihani.

Mngetuona asubuhi ile. Watoto wameogeshwa, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, wamevishwa nguo za Krismasi. Mama mmoja alikuwa amemfundisha wake kuonyesha pua, na kila alipotazamwa mtoto alishika pua, hata alipoulizwa jina. Mwingine alimminya wake paja kila alipokosea kupanga vibao vya kuchezea. Nesi, binti mgeni kutoka mkoa mwingine, alikuwa anarudia tena na tena, "Mama zangu, hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Nataka mniambie kweli ili tuwasaidie." Wanawake wakaitikia ndiyo, wakaendelea kuminya.

Zamu yetu ilipofika, mama mkwe alikaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Mimi nilisimama nyuma yake, mahali pangu. Nesi akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, na kuanzia hapo maswali yote yakaenda kwa aliyeitikia. Simlaumu sana. Mkubwa akiwepo nani anamuuliza mdogo?

"Mtoto anakunywa mwenyewe kwa kikombe?"

"Anakunywa."

"Anasema maneno?"

"Anasema mama. Anasema uji. Anasema sana huyu, leo ameona watu tu."

"Ukimwita akiwa hakuoni, anageuka?"

"Anageuka mara moja."

"Basi tujaribu." Nesi akazunguka nyuma ya benchi, akasimama karibu nami kabisa, akamwita mtoto kwa jina.

Mtoto akageuka.

Niliona nilichokiona. Nesi alipofungua mdomo, mama mkwe aliinua goti la kulia, kidogo sana, chini ya kitenge, na mtoto akapinda upande ule. Nesi akaita tena, goti likainuka tena. Alifanya bila haraka wala kubahatisha, kwa namna ya mtu aliyekwisha kujaribu nyumbani.

Hasira iliyonipata siku ile bado ninayo. Siku zote zile nilidhani ninabishana na mzee asiyejua, kumbe alijua. Alijua pengine kabla yangu, kwa kuwa alilala naye kitanda kimoja. Alikuwa tayari mtoto akae hivyohivyo mpaka atakapoota ndevu, ilimradi pale kwenye benchi watu waseme ng'ombe wake hawakupotea.

"Hasikii," nikasema.

Nesi akanitazama. "Wewe nani kwake?"

"Nimemzaa."

"Na huyu mama?"

"Ndiye mwenye mtoto."

Wanawake kwenye foleni wakacheka, maana walielewa vizuri, aliyekuwa haelewi ni nesi peke yake. Mama mkwe hakugeuka. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Huyu ni mtoto wa watu, hajui kitu."

"Mama, naomba nimpe yeye kidogo," nesi akasema, na akamchukua mtoto, akanipa. Tulikaa chini kwenye sakafu, mimi na mwanangu, uso kwa uso, nimemshika viganja tu. Nesi akaenda nyuma yake, akagonga bakuli la bati kwa kijiko. Wote tuliokuwa pale tulishtuka. Mtoto alikuwa ananitazama mimi, akanitolea ulimi kunichekesha.

Sikutaka kulia mbele ya wale wanawake, nikalia.

Nesi aliandika twende hospitali ya wilaya, akatueleza kwa upole, akitutazama wote wawili sasa, kwamba kuwahi ni bora kuliko kuchelewa. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa ile kadi kwenye mfuko wake, akanyoosha mkono bila kunitazama, akaniwekea mapajani.

"Mpeleke mtoto wako," akasema, akafunga kitenge, akatangulia nyumbani.

Mtoto wako. Tangu nimzae nilikuwa na kiu ya neno hilo. Nilipolipata, nilipewa kama mtu anavyopewa mfupa.

Tulikwenda mjini kwa bodaboda, na mara ya pili, na ya tatu. Kila safari ilikuwa kwa mihogo yangu, kwa kuwa mtoto alishakuwa wangu. Daktari alisema ni mshipa wa ndani ya sikio, kwamba kuna kifaa cha kuvaa ambacho huenda kikamsaidia, na kwamba nisikae nikikingoja, nianze kusema naye kwa mikono leoleo. Kifaa tunakisubiri hadi sasa. Mikono tumeianza. Ana ishara ya uji, ya ng'ombe, ya mvua, na ana moja ya kwangu, aliyoitunga mwenyewe: anagusa kidevu chake, kwa sababu mimi nina alama kidevuni. Ni mwepesi kuliko wengi wanaosikia. Mama mkwe anaona yote. Hajawahi kumpiga wala kumnyima chakula. Amemwacha tu, kama unavyomwacha mtoto wa jirani aliyekuja kucheza, ambaye jioni atakwenda kwao.

Wakwe wengine, wazee wa ukoo, walikaa kikao. Walisema nyumba bado haijapata mtu. Yule mfuga ng'ombe akaitwa tena.

Msiniulize kwa nini nilikubali. Kuondoka ni kurudisha ng'ombe, na kurudisha ng'ombe ni kwenda kumtoa mke wa kaka yangu jikoni, naye ana watoto. Nilizaa mwingine, wa kiume pia, mwishoni mwa msimu wa kupalilia.

Siku nilipotoka zahanati, mama mkwe alikuwa amefagia uwanja. Alinikuta nimekaa kwenye mkeka sebuleni, mtoto mchanga yuko mapajani mwangu, macho wazi. Kaka yake mkubwa alikuwa ameegemea ubavu wangu, akinuka moshi na maziwa. Nilidhani mama mkwe atampokea mtoto kwa vigelegele, maana ndivyo alivyofanya mara ya kwanza. Hakumpokea. Alizunguka, akapiga magoti nyuma yangu, upande ambao mtoto hawezi kumwona, akangoja mpaka mtoto ametulia. Ndipo akapiga makofi, kwa nguvu, mara moja.

Kichanga kikaruka, mikono ikatawanyika, kikaangua kilio.

"Eeh!" mama mkwe akasema, uso wote umefunguka, nami sikuwahi kumwona na furaha ile tangu tuliporudi kutoka kwa nesi. Akanyoosha mikono, akamchukua, akatoka naye nje kuwaonyesha watu.

Mkubwa alikuwa amemwona akipiga makofi. Alidhani ni mchezo. Akanitazama, akacheka, naye akapiga.